Mihogo ndani ya boma ya Babelgiji

Baraka, siku ya posho (Jumamosi), mangaribi

Kuniambia nitoe viatu, mi muntu muzima. Hiyo njo ilinichoma roho leo.

Nilipanda mulima kuangalia magofu ya boma ya Babelgiji sawa vile mutalii, simu mukononi. Nilitaka foto moja tu, ya kile chumba chenye sakafu ya simenti, fasi balimulaza babu chini na kumupiga fimbo juu alikataa kulima pamba. Baba alinionyeshaka kile chumba nikiwa mutoto.

Nikakuta mihogo imeanikwa sakafu yote. Mama moja akasema: "Toa viatu, mutoto yangu. Hii ni chakula."

Nikamuambia babu yangu aliteswa hapa.

Akaendelea kugeuza mihogo. "Na wangu pia. Njo maana tunaanika hapa."

Nikashuka na kasirani yangu, bila foto. Sasa ile kasirani imeisha.

Naogopa nitalia mbele ya bale bamama. Hata hivyo, posho inayokuja nitapanda tena, na kitunga ya mihogo yangu kichwani. Viatu nitatoa mwenyewe. Nitaianika pale pale balimulaza.