Sidiria Kwanza, Gauni Baadaye

Jumatatu, 4 Machi
Habari ya moto wa ghalani — maneno mia nne, imekwisha kabla ya saa nne. Kisha kwa fundi wa magauni. Mwanamke mfupi, pini mdomoni. Ana sheria moja: hamalizi kifua cha gauni la harusi mpaka aione sidiria itakayovaliwa siku yenyewe. Nyumba haitangulii msingi, anasema. Leo kanipima na hii ya kazini ili apige bandi tu, mshono wa muda. Ile ya harusi niilete Alhamisi. Harusi ni Jumamosi ya wiki ijayo.

Sikumwambia kilichomo upande wa kushoto wa sidiria. Kifuko cha mtama, nimekishona mwenyewe. Gramu mia tatu na kumi, kwa mizani ya jikoni. Titi lenyewe lilibaki hospitali miaka miwili iliyopita.

Jumanne, 5 Machi
Duka la nguo za ndani. Muuzaji alitandaza za lesi, zisizo na mikanda, moja ya kufunga kamba mgongoni kama kiatu. Akauliza bwana anapenda ipi. Nikasema bwana hataivaa. Alicheka mpaka akaegemea kaunta.

Nikauliza kama ipo yenye mfuko wa ndani. Ya dada yangu, nikasema. Miaka ishirini nawabana watu kwa maswali, leo namsingizia dada! Ilikuwepo moja. Nyeupe, pana, mikanda minene, sponji mfukoni. Mbaya kama bandeji. Nimeichukua.

Jioni kapiga simu mchumba wangu, mpima ardhi. Yeye anajua — nilimwambia mapema. Mama yake anataka kuja Ijumaa kuniona nikijaribu gauni. Halafu, taratibu: "Lile suala lako, mama asijue. Angalau harusi ipite."

Nikasema sawa. Nikafua soksi.

Jumatano, 6 Machi
Kikao cha baraza la mji, saa sita nzima. Mhariri kauliza mbona bibi harusi ana uso wa tanzia. Nikamwambia ndio niliozaliwa nao.

"Lile suala lako." Nimeyakuta maneno hayo kwenye daftari la kazi, katikati ya hotuba ya diwani, kwa mwandiko wangu. Nukuu ni sahihi.

Alhamisi, 7 Machi
Nilivaa ile bandeji. Sponji ni nyepesi kuliko mtama, inapanda. Gauni likakaa upande. Fundi akazunguka mara mbili, akarudi nyuma.

"Dada, mwili ulionipa Jumatatu si huu."

Nikamwambia sidiria ni mpya. Akaanza kubana kwa pini, kushoto. Pini moja, ya pili. Ya tatu, doa jekundu likatokea kwenye kitambaa, likakua. Alishtuka yeye. Akauliza kama sikusikia.

Sikusikia. Pale pana ganzi tangu operesheni. Unaweza kunibandika stempu.

Akazitema pini kiganjani. Hakusema pole, nikashukuru. Alisema niteme mate kwenye doa, nilisugue: damu ya mtu hutolewa na mate yake mwenyewe. Doa likatoka. Sijui kwa nini hilo tu ndilo lililonifanya nikae chini.

Kisha akaniuliza kifundi. Anaweza kujaza kushoto, palingane. Au anaweza kukata gauni kwa kifua nilicho nacho, marinda yashuke kutoka bega la kulia, ndani sidiria laini isiyo na kitu. Yote mawili anayaweza. Ila kitambaa kikishakatwa kimekatwa. Anataka jibu kesho.

Ijumaa, 8 Machi
Nimeomba dakika tano. Naandika nimekaa kwenye stuli ya fundi, gauni nimelishusha hadi kiunoni. Sidiria zote mbili zipo magotini — bandeji, na ile laini aliyoniazima fundi.

Mama wa mchumba wangu alikuja saa tatu kamili. Mkunga mstaafu. Nilijua hilo tangu siku ya kwanza, na sikulifikiria. Kosa la mwanafunzi wa mwaka wa kwanza. Alisifu kitambaa, akamtania fundi kwamba pini zitamwotea mdomoni kama meno. Kisha akapita pazia bila kubisha, akaweka kiganja kushoto, kama anayenyoosha mkunjo.

Sikuusikia mkono. Niliuona kwenye kioo. Haukuondoka.

Fundi akageuka kupanga nyuzi zilizokwisha pangwa.

"Mwanangu," mama akasema, polepole, "nani kakuambia unifiche?"

Hakuuliza imekuwaje, wala lini. Ameuliza nani.

Miaka ishirini sijawahi kumtaja mtoa habari. Nimewahi kulala mahabusu siku mbili kwa hilo. Nikasema naomba dakika tano. Akatoka.

Simu inatetemeka mezani, kando ya mkasi. Ni mchumba wangu, mara ya tatu. Bila shaka anauliza limenikaaje.

Fundi amekohoa. Dakika zimekwisha. Viatu vya mama vinaonekana chini ya pazia, vimeelekea huku. Havijasogea.