Kushika Kroshia kama Kisu cha Ndizi

Kagoma, Muleba
4 Mei 1975

Mpendwa mdogo wangu Ashura,

Salamu nyingi kutoka huku migombani. Hatujambo, ila nikiinuka magoti yangu yanapiga kelele kabla yangu. Wewe, shemeji Burhani na watoto hamjambo huko Bilele?

Tata, mzee wetu, ni mzima, lakini macho yameingia ukungu na kichwa chake kinaona baridi. Nimekumbuka kofia uliyomfumia mwaka juzi, akairudisha bila hata kufungua karatasi. Nisikufiche, tangu uolewe na Mwislamu na kubadili dini bado hataki utajwe. Hata lile jina la ubatizo, Immakulata, nikilitamka anashika mkongojo anatoka nje.

Ila kofia niliyofuma mimi ataivaa. Shida ni moja tu: sijui kufuma. Nifundishe kwa barua. Tangu nimalize darasa la watu wazima najiona naweza chochote.

Dada yako,
Kokugonza


Bilele, Bukoba
19 Mei 1975

Dada yangu Kokugonza,

Barua yako imenikuta mzima. Mgonjwa ni cherehani ya shemeji yako, na nyumba nzima tunaiuguza.

Kashaija wa lori la kahawa atakuletea kroshia, uzi wa sufu na kofia niliyoianza. Utosi ndio mgumu, nimekumalizia. Wewe endelea kuteremka. Ukisema umefuma wewe hutakuwa umedanganya sana.

Kroshia ishike kama kalamu. Uzi uzungushe mara moja kwenye kidole kidogo cha kushoto, upite chini ya viwili vya kati, utokee juu ya kidole cha shahada. Usiukaze, unatakiwa kupita.

Akiivaa, niandikie imemkaaje. Sitaki kingine.

Mdogo wako,
Ashura


Kagoma, Muleba
30 Juni 1975

Mdogo wangu,

Hamjambo nyote? Mimi mkono hautaki salamu.

Nisamehe kwa kimya. Uzi niliufunga kidoleni kama ninayemfunga mbuzi mkaidi, hadi kidole kikawa zambarau. Na hiyo kalamu yako ndiyo imenimaliza. Mwalimu Buberwa aliniambia mwaka mzima, "Mama, kalamu si kisu," na mpaka leo naishika hivyo hivyo, unauona mwandiko. Ganzi inapanda mpaka begani. Jana Tata alinisikia nikiguna, akauliza, "Unamenya nini huko kisichoisha?"

Nimefuma mstari mmoja, nimeufumua mara tisa. Nadhani Kashaija akipita nikurudishie vitu vyako.

Dada yako,
Kokugonza


Bilele, Bukoba
8 Julai 1975

Dada,

Pole na mkono. Sisi wazima, na cherehani imepona.

Usirudishe. Kifurushi cha mwaka juzi nilikipokea mbele ya wanangu, wakaniuliza babu hana kichwa. Sitaki wakione kingine.

Nimefikiri hivi. Wewe ulikuwa unamenya mkungu mzima huku ukisengenya kijiji kizima, bila kutazama, wakati mimi najikata vidole. Basi mwalimu Buberwa atusamehe. Shika kroshia kama kisu cha ndizi: mpini kiganjani, kidole juu yake, gumba ubavuni. Na usiutazame mkono. Sengenya.

Mdogo wako,
Ashura


Kagoma, Muleba
17 Agosti 1975

Mdogo wangu Ashura,

Natumaini u mzima, maana nina habari na nataka uwe umekaa.

Nilikwenda jikoni na rundo la ndizi ili kuuhadaa mkono. Nikamenya tatu, nikaichukua kroshia kabla mkono haujashtuka, nikaanza kumsema jirani. Ukaenda wenyewe. Ijumaa nikamaliza. Utosi wako kama umechorwa. Teremko langu kama kiota cha kuku.

Nikamwambia, "Tata, nimekufumia kofia." Akaipapasa kitanzi kwa kitanzi, kama anavyopitisha rozari. Utosini akakawia.

"Huku chini ni wewe, nimekujua," akasema. "Huku juu ni nani?"

Unajua kwa uongo sifai.

Akaivaa. Akatia mdomoni punje ya kahawa yake ya kutafuna. Kisha akasema, "Ashura ana mkono mzuri."

Mdogo wangu, amesema Ashura. Sikujua hata kama analijua jina hilo.

Halafu akavuta ukingo. "Ila huku kwako upepo unaniingia masikioni. Mwambie aje amalizie mwenyewe."

Sasa niambie, nifumue sehemu yangu kabla hujafika? Aibu ninayo.

Dada yako,
Kokugonza


Bilele, Bukoba
20 Agosti 1975

Dada,

Afya nitakuulizia hapo hapo mlangoni. Tunakuja na watoto, basi la Jumamosi.

Usifumue hata kitanzi kimoja.

Mdogo wako,
Ashura