Redio ya Pili ya Wenje

Wenje, Jumatano, katikati ya Agosti 1998

Leo nitasema yote. Mwalimu wetu wa Kiswahili alituambia kwamba shajara ikianza kuchagua la kuandika na la kuficha, basi si shajara tena, ni barua ya kuomba kazi. Kwa hiyo sitachagua. Hata yanayoniaibisha nitayaandika jinsi yalivyotokea.

Jua ni kali na upepo unatoka upande wa malisho ukiwa umebeba vumbi. Tope lililoachwa na mafuriko limepasuka vipande vipande kama vigae. Nimekaa nyuma ya nyumba ya Mama mdogo, kwenye kivuli cha ukuta. Ndani, redio niliyoifunga kwa mikono yangu bado inakoroma.

Niieleze kwanza hiyo redio. Si ya kusikiliza taarifa ya habari. Ni ile ya kuongea, yenye maikrofoni na kitufe. Sisi tunaiita taar, kama wanavyoiita wafanyabiashara wa Kisomali walioileta huku. Simu hatuna. Baba ananunua na kuuza ng'ombe, na taar yake iko katika chumba kilichoshikana na duka letu la Garsen. Nikiwa likizoni mimi ndiye ninayeiendesha. Ninaziita stesheni, Hola, Garissa na nyingine, natengeneza zamu, na nawasaidia akina mama wanaoogopa kuongea na chombo.

Nakiri kwamba naipenda kazi hiyo kuliko kitu chochote nyumbani. Ninapobonyeza kitufe na kusema, "Stesheni zote, stesheni zote, hapa Garsen," wanaume wazima hunyamaza.

Taar ina desturi yake. Habari ya mtu mmoja husikiwa na wote, na si adabu kuondoka inaposomwa. Jambo likisemwa mbele ya stesheni zote, lisipingwe, limeshuhudiwa. Limekwisha. Mwaka jana mwanamume mmoja aliyekuwa mbali alimwacha mkewe kwa taar. Mke mwenyewe alikuwa ameketi dukani kwetu na kibuyu chake cha maziwa, amekuja kuuliza kama homa ya mumewe imepoa. Alisikia pamoja na sisi sote. Wazee waliitikia kwa vichwa kwamba wameshuhudia, kisha wakaomba bei ya mbuzi.

Niliona huruma siku ile. Lakini nilizitafuta bei za mbuzi.

Wiki iliyopita Baba aliniita. Alikuwa na redio nyingine, kuukuu lakini nzima, imefungwa katika gunia. Akasema inakwenda Wenje, kwa Mama mdogo, ili nyumba zake mbili zisikilizane. Mama mdogo ni Dhahabo, mke wake wa pili, aliyemwoa mwaka juzi. Ananizidi umri kidogo tu.

"Utaifunga wewe," Baba alisema. "Hapa Garsen hakuna mwanamume anayejua kama wewe."

Nilikaribia kupaa. Sikuuliza redio imetoka wapi. Nilijiambia tu kwamba nikifanya kazi hii vizuri, shule zikifunguliwa Septemba Baba hatanung'unika tena kuhusu kidato cha tatu.

Nilidhani Mama angekasirika. Aliendelea kupepeta mahindi. Antena ya redio ya pili inatakiwa iwe na urefu ule ule wa ile ya kwanza, kwa hiyo nilinyoosha kamba uani chini ya waya wetu ili niipime. Mama aliacha kupepeta mahindi, akaja kunishikia ncha ya pili. Tulisimama hivyo, yeye huku na mimi kule, tukiwapimia waya wale wa nyumba nyingine.

"Vuta," aliniambia. "Isije ikapungua, wakasema tumewapunja."

Nilifika Wenje jana juu ya lori la mahindi, nimeikumbatia redio ili isigongwe. Leo asubuhi nilianza kazi. Nilisimamisha miti miwili ya mkoma, nikaufunga waya juu yake, nikauelekeza kama ule wa Garsen. Nilileta kebo ndani kupitia dirishani. Betri ya gari niliiweka juu ya matofali kwa sababu sakafu ina unyevu. Waya mwekundu kwenye chanya, mweusi kwenye hasi. Dhahabo alikaa mlangoni akila njugu, akinitazama.

"Msomi, usije ukatuchoma na umeme wako. Nyumba hii ni ya makuti."

"Haichomi, Mama mdogo."

"Wanaosoma huwa wanasema hivyo mpaka moto ushike."

Nilicheka. Nilimpenda wakati ule, naandika kwa sababu ni kweli. Nilimwonyesha kila kitu polepole, kama Mwalimu anavyotuonyesha sisi. Kila redio lazima iwe na jina lake, hii itaitwa Wenje. Zote ziko chaneli moja, hivyo mmoja akiongea wengine wanangoja. Ukibonyeza kitufe unasema lakini husikii, ukiachia unasikia lakini husemi. Ukimaliza, sema ova. Usiseme ova kama hujamaliza.

"Na wawili wakibonyeza pamoja?" aliuliza.

"Hapo wanakanyagana. Wanaosikiliza wanapata uji tu, hakuna neno linalotoka zima."

"Uji," alirudia. Alilifurahia neno hilo.

Kabla ya adhuhuri nilijaribu. Nilimwita Garsen na sauti iliyojibu ilikuwa ya Mama. Mama, ambaye kwa miaka yote hakukubali kuishika ile maikrofoni! Alisema, "Nakupata, mwanangu. Ni kama uko jikoni. Ova." Nilimpa Dhahabo maikrofoni. Wakasalimiana. Hujambo, sijambo, watoto, ng'ombe, mto. Nilijiona nimejenga daraja.

Mjinga mimi.

Baada ya sala ya alasiri ndiyo saa ya taar. Majirani walijaa chumbani kwa Dhahabo kuona redio mpya, wanawake mbele, wazee mlangoni. Mimi nilikaa kwenye kigoda mbele ya redio, maikrofoni mkononi, nimevaa kanga safi. Sauti ya Baba ikaingia kutoka Garsen. Aliziita stesheni zote. Aliwaambia redio ya pili imefunguliwa, na imefungwa na binti yake. Wazee walisema mashallah. Nilishusha macho kwa haya.

Kisha akasema, "Na redio hiyo ni zawadi. Imeletwa na mtu wa heri, anayenisikia sasa hivi akiwa Garissa. Kwa hiyo mbele yenu nyote nina neno kuhusu binti huyo huyo."

Akakohoa kwa muda.

Sikuelewa. Nilimtazama Dhahabo. Aliinama sikioni mwangu, akiwa bado na njugu mdomoni.

"Hukujua? Hiyo uliyoifunga ni posa yako. Ng'ombe watafuata. Mwenyewe ni yule tajiri wa malori, mwenye ndevu nyekundu. Umejitundika mwenyewe juu ya miti, msomi."

Ninamjua mwenye ndevu nyekundu. Huja dukani kununua ng'ombe. Huwa namwamkia shikamoo, naye hunipa peremende.

Baba alianza tena. "Binti yangu huyu, mbele ya mashahidi, nime..."

Nikabonyeza.

Sikupanga. Kidole kilikwenda chenyewe. Lakini redio hii haikanyagi mtu kwa kitufe peke yake, lazima useme kitu, na mimi sikuwa na la kusema. Kilichonijia kichwani ni karatasi ya shule, vitu tunavyotakiwa kurudi navyo. Nikaanza. Godoro. Ndoo yenye kifuniko. Blanketi la kijivu. Soksi nyeupe. Sabuni ya kipande. Vitabu vya mazoezi. Nilitaja kwa sauti ya juu, bila kupumua, na nilipofika mwisho nikaanza upya kwenye godoro. Wanawake walinitazama kama mtu aliyepagawa. Mmoja alianza kunisomea dua.

Dhahabo alinipiga mkononi, maikrofoni ikaanguka, kitufe kikaachia.

Halafu redioni kikatoka kicheko, na sauti ya mwendeshaji wa Hola, kijana ninayeongea naye kila siku nikiwa likizoni.

"Garsen, tumepata ndoo na soksi nyeupe. Bibi harusi hatukumpata. Rudia. Ova."

Stesheni zote zilicheka. Hata wazee mlangoni walicheka.

"Nani amenikanyaga?" Baba aliuliza.

Nilitumaini Dhahabo atasema hajui. Ndiyo, nilitumaini hivyo. Aliokota maikrofoni, akapangusa vumbi kwa ncha ya mtandio wake, akaishika mbali kidogo na mdomo, sawasawa kama nilivyomfundisha. Alibonyeza, akangoja kidogo, kisha akasema taratibu bila kukosea hata hatua moja, "Garsen, Garsen, hapa Wenje. Ni binti yako mwenyewe. Anataka godoro. Ova."

Sijawahi kuwa na mwanafunzi mwepesi kuliko yeye.

Baba hakupaza sauti. Ingekuwa afadhali. Alisema tu kwamba kesho, saa hii hii, atalirudia neno lake, na kwamba mimi niwekwe mbali na redio. Shule, alisema, imemfundisha mtoto kusema wakati baba yake anasema, basi imetosha. Halafu akasema, "Mama yake yuko hapa kando yangu. Anasikia. Haya, waambie umesikia."

Kisha sauti ya Mama, ndogo.

"Nimesikia."

Basi. Hakusema ova. Tulingoja sote, mpaka Hola akaingia na bei za mbuzi.

Majirani walipoondoka nilimuuliza Dhahabo kwa nini. Nilimuuliza kwa adabu, nikamwita Mama mdogo. Alikuwa anapepeta maganda ya njugu, hakuinua uso.

"Mimi nilikuwa nakamua," alisema. "Nikasikia jina langu likitoka kwenye taar ya jirani, na jina la baba yako. Maziwa yalimwagika, mama akanipiga kwa kumwaga maziwa. Nani alibonyeza kitu kwa ajili yangu?"

Niliokota ganda la njugu lililoniangukia mguuni.

"Basi nyamaza," akasema. "Na kesho asubuhi unionyeshe tena ile ya kutafuta Garissa. Nitahitaji kuwaambia wakwe kuhusu ng'ombe."

Nitamwonyesha. Nikikataa atamwita Baba, kwa redio yangu.

Sasa nafikiria. Kesho sitakuwa karibu na kitufe, wamekwisha kupanga nipelekwe shambani, kule mtoni, mpaka saa ya taar ipite. Kung'oa antena ya hapa hakutasaidia, Baba anasemea Garsen, na Garissa wanamsikia bila Wenje. Nimeligeuza jambo hili kila upande kama hesabu. Linarudi pale pale. Redio inayotakiwa kunyamaza ni ile ya kwanza, na aliye kando yake ni mtu mmoja.

Mama hajui kusoma. Kurasa hizi hata zikimfika atazifungia chumvi. Lakini mvua zilizopita, radi zilipokuwa zinapiga, nilimfundisha kitu kimoja ili nyumba isiungue nikiwa shuleni. Nilimwonyesha waya mwekundu wa betri. Huo tu. Uchomoe, na taar inakufa hapo hapo, hata mtu awe katikati ya neno. Aliuchomoa na kuurudisha mbele yangu, akacheka, akasema kumbe chombo chenye kelele zote hizi kinashikiliwa na kitu chembamba hivi.

Na hakusema ova. Nilimfundisha pia hilo. Asiyesema ova hajamaliza.

Labda alitetemeka tu, akasahau. Labda Baba alimnyang'anya maikrofoni. Najua hayo yote, nimeyaandika ili nisijidanganye. Lakini kutoka shambani kwa Dhahabo taar ya kijiji cha ng'ambo ya mto husikika, na kesho alasiri nitasimama kwenye mahindi nikisikiliza. Nikisikia jina langu lote mpaka mwisho, nitajua. Nikisikia limekatika katikati, nitajua pia.

Mama, kesho atakapobonyeza, mkono wako utakuwa wapi?