Wasomaji wa Shamba la Zabibu

Jumatatu, 11 Agosti

Nimefungua saa mbili. Nimefuta vumbi. Nimefuta tena. Upepo wa Agosti hapa Makutupora hauna adabu, ukifika rafu ya mwisho, ya kwanza imeshakuwa nyekundu. Msomaji mmoja tu leo, na huyo alikuja kuchaji simu.

Saa nne kapita mtendaji wa kata. Hakukaa. Ijumaa anakuja afisa kutoka halmashauri kuangalia kama maktaba inatumika. Ikionekana haitumiki, chumba kinageuzwa stoo ya kreti za zabibu. Wakulima wameomba. Kasema kwa upole kabisa, kama mtu anayeomba kiti ambacho hujakikalia.

Nimekasirika. Kinachoniudhi zaidi ni kwamba hajasema uongo. Msimu wa kuvuna watu wote wako mashambani. Nimesomea ukutubi, nimepanga vitabu kwa namba mpaka naota namba, halafu nashindwa na kreti.

Jumanne, 12 Agosti

Wazo limenijia nikisonga ugali. Umeungua. Potelea mbali. Kama wao hawaji kwenye vitabu, vitabu viende kwao!

Tatizo ni sheria. Bila kadi hakuna kuazima. Kadi inataka mdhamini na barua ya mtendaji. Sasa vibarua wa msimu wametoka Kondoa, Chemba, mpaka Mlali huko, wanalala kwenye mabanda ya shambani. Mdhamini watamtoa wapi? Mabua ya mahindi?

Nimeamua. Jina na namba ya simu vinatosha. Asiye na simu, jina. Mwalimu wangu wa chuo angezimia.

Nimefunga maboksi mawili, kesho nayapakia kwenye bodaboda. Siogopi. Nina raha tu.

Jumatano, 13 Agosti

Nimefika shambani saa ya chakula cha mchana. Nilidhani watakimbilia simu zao. Wamekimbilia maboksi. Makande hayajapoa, vitabu vimeisha. Mzee mmoja kachukua cha ufugaji wa kuku, akakikumbatia, akaondoka bila kuaga.

Halafu nikajiaibisha. Kuna dada anaitwa Zainabu, Mrangi wa Kondoa, kamaliza kidato cha nne. Kachukua riwaya ya mjane anayenyang'anywa shamba na shemeji yake, akaanza kuwasomea wenzake kwa sauti. Na mimi, kidole mdomoni, nikamfanyia "ssss". Katikati ya shamba. Juu mbingu, chini mizabibu, nanyamazisha watu!

Zainabu akafunga kitabu. Mama mmoja akaniuliza taratibu, "Dada, kuna mgonjwa?" Nilitamani ardhi ipasuke. Nikasema samahani, mazoea ya kazi, endelea mdogo wangu. Wakacheka mpaka msimamizi akaja kutazama.

Akaendelea. Pembeni yake Veronika, binti wa Chemba, anageuza kila kipande kwa Kisandawe, kwa ajili ya mama yake na shangazi zake ambao Kiswahili chao ni cha sokoni. Vile vidoko vya lugha yao, ile milio ya ulimi, nilikuwa nimevisikia kwa mbali tu, leo nimekaa navyo goti kwa goti. Kicheko kinakuja mara mbili. Kwanza wa Kiswahili, halafu wa Kisandawe. Cha wa Kisandawe ni kirefu zaidi. Sijui Veronika anaongeza nini.

Miaka yangu yote kazini sijaona kitabu kinasomwa na watu wengi hivyo kwa mpigo. Nimerudi nyumbani naimba.

Alhamisi, 14 Agosti

Nimepeleka maboksi mengine. Shamba la jirani wamesikia, wamekuja na wao. Wanabishana kama mjane amsamehe shemeji. Mama Veronika hataki kusikia habari ya msamaha. Nimetoa mpaka atlasi. Mpaka kamusi! Nani anaazima kamusi shambani? Wameazima.

Jioni nimefungua mlango wa maktaba, nikasimama hapohapo. Rafu tupu. Mungu wangu. Kesho afisa anakuja kukagua maktaba, na mimi nimeigawa yote.

Nikivikusanya usiku huu nitakuwa mwendawazimu. Nisipovikusanya, kreti zimeshinda.

Sivikusanyi.

Ijumaa, 15 Agosti

Afisa kafika saa tano. Mtu mzima, viatu vinang'aa. Katazama rafu. Kaniuliza kama tumeibiwa. Nikasema vimeazimwa. Akaomba kadi za walioazima. Sina. Mtendaji, aliyemleta, anaangalia dari. Sauti yangu ikapanda, nikasema mzee, wasomaji wako shambani, twende ukawaone. Sijui ujasiri ule nilitoa wapi.

Tumewakuta wameshakula. Mjane yuko mahakamani, shemeji anaitwa kizimbani. Afisa kasimama. Kisha kaegemea nguzo. Kisha kageuza kreti, kaikalia na suruali yake ya pasi. Shemeji ananyanyua mkono aape, msimamizi kapiga filimbi ya kurudi kazini. Zainabu akafunga kitabu.

Afisa akasema, "Kwani aliapa?"

Wote wakaangua kicheko. Zainabu akamjibu kwa adabu, "Shikamoo mzee. Hiki kina foleni." Nilikuwa karibu kurukaruka mbele ya serikali.

Tukirudi kwenye gari kasema maktaba inatumika, ataandika hivyo bila wasiwasi. Roho kwatu! Halafu akaongeza. Kisichotumika ni chumba. Wapewe wakulima. Vitabu vikae shambani, na mimi huko huko.

Nilitaka kumpinga. Lakini nilichokuwa nimemwonyesha ndicho alichokiona.

Jumatatu, 18 Agosti

Nimemkabidhi mtendaji funguo. Kapokea kwa mikono miwili. Kreti zimeanza kuingia kabla sijatoka. Imeniuma, nisijidanganye. Kile chumba nilikipaka rangi mwenyewe.

Meza yangu sasa iko kwenye banda la kupangia zabibu, kona ya upande wa upepo. Asubuhi nzima hakuna mtu, wanavuna. Vitabu vichache vimerudi. Cha kuku kina doa la zambarau. Nimekigonga muhuri, kimetoka tena.

Mchana Zainabu hana sauti. Vumbi limemkaba koo. Kanisogezea riwaya. "Dada, leo tusomee wewe."

Nimewapa watu vitabu miaka yote hii, nimewanyamazisha. Hakuna aliyewahi kuniomba nimsomee. Ukurasa wa kwanza nilisoma kama mtoto wa darasa la pili. Mwisho wa kila aya nasimama, Veronika anawapa akina mama, kisha ananitikisia kichwa niendelee. Shemeji aliapa uongo. Wa Kiswahili wakaguna. Tukawasubiri wa Kisandawe. Wakaguna na wao.

Mama Veronika akasogea, akakaa karibu yangu. Nikafungua ukurasa unaofuata.