Pikipiki Isiyosikika

Jumatatu, 4 Septemba 1972

Nimefungua kifuniko cha valvu saa moja asubuhi. Injini imelala tangu jana jioni, baridi kabisa. Ndivyo inavyotakiwa. Ikiwa na moto vipimo vyote ni uongo.

Pikipiki ya dawa. Maili elfu tatu tangu niifungue mara ya mwisho. Oili nyeusi tii. Plagi nimesugua. Tapeti, vile vyuma vinavyosukuma valvu zifunguke, nimepima kwa fila, kile kibati chembamba cha kupimia. Lazima kipite kati ya tapeti na valvu kwa kukwaruza kidogo. Kisipite ovyo, kisikwame. Valvu ya kuingiza iko sawa. Ya ekzosi imelegea kidogo. Nimeiacha hivyo. Tapeti iliyolegea inagonga na kukera, lakini valvu inafunga na inapoa. Iliyobana hailalamiki. Valvu inabaki wazi kidogo, inaungua kimya kimya, na unajua wakati umeshachelewa.

Afisa Usafirishaji kapita, kaona injini iko wazi, kanuna. Kwake servisi kubwa ni hasara: siku nzima ya fundi, gasketi mpya, pikipiki haitembei. Anataka nimwage oili tu nifunge. Nimemwambia valvu moja kuitoa Dar es Salaam ni bei gani, na miezi mingapi ya kuisubiri. Kaondoka zake. Mtu wa makaratasi yule.

Jumatano, 6 Septemba

Selemani kaja kuchukua pikipiki. Ni dresa. Ndiye anayezunguka na sindano na vidonge, kutoka hapa Masasi mpaka Chiungutwa, mpaka Kitangari kule juu, na kushuka kwenye vijiji vipya vya upande wa Ruvuma. Tena ni mlamu wangu, mume wa mdogo wangu Somoe. Akifika karakana huwa kazi inasimama kwa vicheko. Leo hakucheka.

Vijiji vile vya chini watu wamehamishiwa mwaka huu, wamechimba mahandaki kwa ajili ya ndege za Wareno. Wapo na waliovuka mto kukimbia vita. Sasa pikipiki ikija wanasikia tapeti, ta-ta-ta-ta, wanasema rashasha hiyo. Akifika anakuta moto unawaka, chungu kiko jikoni, mtu hakuna. Anakaa na sindano zake mpaka jua limepanda. Juzi mama mmoja karuka handakini na mtoto mgongoni. Mkono wa mtoto umevunjika. Kaufunga Selemani mwenyewe.

Kasema, "Mlamu, inyamazishe. Naenda kuwaponya, nafika nawavunja."

Nimekataa. Nimemweleza habari ya valvu mara mbili. Kaniangalia, kisha kasema kumbe hata mimi, fundi Bakari, ipo kelele inayonishinda. Hilo limeniuma.

Alhamisi, 7 Septemba

Nimefanya.

Nimekaza tapeti zote mbili. Ya ekzosi nimekaza mpaka fila nyembamba kuliko zote haiingii. Nilikuwa namfikiria yule mtoto. Uongo. Nilikuwa namfikiria mtoto, na nilikuwa naifikiria ile kauli yake. Vyote viwili.

Nilipoiwasha vijana wa karakana waliacha spana wakaja kusikiliza. Inapumua tu. Nilijisikia fundi kweli kweli.

Nimemwambia Selemani: wiki moja. Alhamisi ijayo iwe hapa jioni, ilale, asubuhi niilegeze. Kaitikia huku anafunga sanduku la dawa kwa kamba. Sidhani alisikia.

Jumamosi, 16 Septemba

Hajarudi. Kampa salamu dereva wa lori la korosho: haisikiki hata kidogo, watu wanakaa, kachanja kitongoji kizima asubuhi moja. Surua imeingia kule, hawezi kuondoka.

Nimefurahi. Nimewasimulia watu wawili. Baadaye nimehesabu siku, furaha ikaisha.

Jumanne, 19 Septemba

Saa sita mchana ndege imesikika upande wa kusini. Haikuonekana. Sokoni watu walisimama, wameshika vitu vyao mkononi, mpaka ikapotea.

Saa nane Selemani kaingia kuchukua dawa. Kakonda. Nimeweka kiganja karibu na injini, inachoma. Huwezi kupima chochote hapo. Nimemwomba ailaze hapa mpaka asubuhi. Kasema asubuhi kuna watoto wanamsubiri. Nimemshika mkono. Kautoa taratibu, kasema nimsalimie Somoe, hana muda hata wa kufika Mkomaindo nyumbani kwake.

Nimesikiliza wakati anaondoka. Mngurumo wa ekzosi tu. Tapeti kimya kabisa. Nimebaki barabarani na kitambaa cha kufutia mikono.

Jumatano, 20 Septemba

Nimekwenda kwa Afisa. Nimeomba pikipiki iitwe, niifungue, na valvu ya akiba iagizwe. Kafungua daftari. Maili za servisi kubwa hazijafika. Gharama atamwelezaje mkubwa wake? Kisha kauliza, "Pikipiki hailii, nawe unaniambia ni mbovu?"

Hapo ndipo iliponipasa kusema. Ningesema nimeikaza mwenyewe, tena kwa kusudi. Mezani kwake kuna tangazo kuhusu hujuma na maadui wa taifa. Nimelitazama lile tangazo, nikamuaga.

Mwoga mimi.

Jumatatu, 25 Septemba

Dereva wa lori kamkuta Selemani chini ya mteremko wa Newala anasukuma. Asubuhi haiwaki mpaka aombe watu. Mlimani haina nguvu. Na anasema sasa inapasua kwenye ekzosi, pa, pa, hasa akiachia mafuta.

Basi valvu imeanza kuliwa. Moshi wenye moto unapita pasipo njia, mafuta yanawakia kwenye bomba. Nimeisikia sauti hiyo kichwani mchana wote.

Nimemwandikia barua: Usiipande tena. Iache hapo ulipo, njoo kwa lori. Nimempa dereva mkononi. Sababu sikuandika.

Alhamisi, 28 Septemba

Hakuna jibu.

Mabomu ya kutegwa ardhini yameonekana kwenye njia moja karibu na mto. Habari imefika sokoni kabla ya saa tatu. Mgambo wa vizuizi vyote, vya mtoni na vya juu mlimani, wamepewa risasi. Wameambiwa adui anaweza kuja kwa njia yoyote, wasisubiri kuuliza. Wengi wao ni wakulima wa korosho tu. Bunduki wameshika juzi.

Somoe kaniletea kisamvu. Kauliza mbona mumewe hatumi salamu siku hizi. Nimesema ni kazi. Kisamvu kimeganda kwenye sahani.

Ijumaa, 29 Septemba

Nimeomba ruhusa niende Kitangari mwenyewe. Nimenyimwa, kuna trekta la kijiji linasubiri. Nimefanya kazi ya trekta vibaya, nikaifungua, nikaanza upya. Roho haitulii.

Jumamosi, 30 Septemba

Wamemleta Selemani hospitali. Risasi ya tumbo.

Habari nimeipata kwa waliombeba. Alfajiri, ukungu wa kule juu, huoni hatua kumi. Pikipiki ilikuwa inateremka kwenye kizuizi, mafuta kayaachia. Ilipasua mara mbili. Mgambo kasikia mlio wa bunduki, ndani ya ukungu, mbele yake. Kapiga risasi moja.

Hakusikia injini ikija. Hilo wamelisema wote. Mara kimya, mara mlio.

Somoe yuko mlangoni mwa wodi. Kanikumbatia, kalia begani mwangu. Mimi nimesimama tu.

Jumapili, 1 Oktoba

Wameniruhusu kuingia. Macho makubwa, midomo mikavu. Kanijua. Nilikwenda nikiwa nimepanga maneno. Nilitaka kuanza kwa kuomba radhi.

Kaniwahi yeye. Kasema, "Mlamu, hawakukimbia." Kapumzika. Kisha, "Hata mmoja. Ahsante."

Nimemshika mguu kupitia shuka. Nesi kaniambia nitoke.

Jumanne, 3 Oktoba

Selemani kafa saa kumi na moja alfajiri. Tumemzika baada ya adhuhuri. Watu wengi, wengine wametoka vijijini kwa miguu. Mama mmoja alikuwa na mtoto mwenye mkono uliofungwa kitambaa.

Alhamisi, 5 Oktoba

Wameleta pikipiki kwa lori. Damu imekauka kwenye tangi. Nimeiosha mwenyewe, sikumpa mtu.

Kisha nimefungua. Injini ya baridi, siku tano haijawashwa. Fila nyembamba kuliko zote haiingii. Nimetoa kichwa cha injini. Ukingo wa valvu ya ekzosi umeliwa, pengo la kuingia ncha ya bisibisi. Nilijua. Hata hivyo nimekaa chini.

Fomu ya uchunguzi ina mstari mmoja wa maoni ya fundi. Nimeandika: Valvu imeungua kwa sababu tapeti ilikazwa kupita kipimo. Aliyekaza ni mimi, tarehe 7 Septemba. Hiyo ndiyo iliyopasua.

Afisa kasoma mara mbili. Kafunga mlango. Kaniuliza kama nataka kufungwa, na kama nataka yeye naye afungwe, kwa kuwa nilimwomba aiite pikipiki akakataa. Kaikunja fomu, kaitia mfukoni. Kanipa nyingine. Kasema mgambo mwenyewe keshakiri. Jumatatu anapelekwa Mtwara kushtakiwa kwa kuua. Jambo limekwisha.

Fomu mpya sijaijaza. Iko hapa mbele yangu. Kama nikiandika "pikipiki nzima", yule mtu kampiga risasi dresa bila sababu yoyote. Watamnyonga au watamfunga maisha. Jina lake Damiani. Ana watoto wanne, wamesema.

Nimechoka kujidanganya. Nilimuua mlamu wangu kwa sifa, na sasa namsaidia Afisa kumzika mwingine.

Jumamosi, 7 Oktoba

Nimekwenda polisi saa mbili. Nimevaa shati langu la sikukuu ya Idi. Mkononi karatasi ya daftari niliyoandika upya, na valvu nimeifunga kwenye kitambaa. Wameniambia nikae kwenye benchi, mkubwa hajafika.

Kwenye benchi hilo hilo walikuwa wamemkalisha Damiani, pingu mkononi. Sikumjua. Kaniamkia kwa heshima, nimeitikia. Kauliza kama mimi ni ndugu wa marehemu. Nimesema ndiyo, shemeji yake, tena fundi wa ile pikipiki. Kateremka kutoka kwenye benchi akapiga magoti, ndipo nikamjua. Nimemwinua kwa kwapa. Mwepesi.

Nimemwambia yeye kabla ya polisi. Nimemwambia yote, tangu tapeti. Nimefungua kitambaa nikamwonyesha valvu, mahali palipoliwa. Kaishika kwa mikono miwili kwa sababu ya pingu, kaigeuza, kaitazama muda mrefu. Nilidhani atanitemea mate. Ningemruhusu.

Kanirudishia. Kauliza, "Mjane anajua?"

Nimesema bado.

Kasema nikamwambie mimi mwenyewe, leo, asije akasikia kwa watu.

Mkubwa kafika saa nne. Kapokea karatasi, kapokea valvu, kaandika maelezo yangu kurasa tatu, nikatia sahihi kila moja. Kasema Damiani hatapelekwa Jumatatu. Kuhusu mimi kasema nisitoke Masasi, wataniita.

Saa saba nimetoka. Sikurudi karakana. Nimeshika njia ya Mkomaindo, nimetembea polepole, nikifikiria nianze na neno gani.

Somoe alikuwa kwenye mkeka uani, kajifunika kanga nyeupe ya eda, anachagua mchele. Kaniona, kasogeza ungo pembeni. Kapapasa mkeka karibu naye ili nikae, kasema, "Karibu, kaka. Ulikuwa wapi siku zote hizi?"