Bi Kimetoka Wapi

Jumatatu, tarehe 4 Machi

Kaka,

Basi kikavutika. Naanza na hilo maana najua hulali ukingoja jibu. Salamu zako nimeziweka chini, zitakungoja.

Dereva wa lori la saruji alinikuta getini hapa chuoni, akanipa kile kipande cha nondo ulichokiviringisha kwenye gazeti. Akasema, "Kaka yako anataka ukivute kwenye mashine yenu, ujue kama ni chuma au ni chaki." Nilikificha chini ya meza ya maabara siku nne nzima. Siyo uvivu, unanijua. Kumwomba mwalimu ruhusa ndiko kulikonishinda. Nikifika mlangoni kwake maneno yanarudi tumboni.

Kazi yangu bado ni ile ile. Nafagia maabara, nakata vipande vya vyuma, navibana kwenye meno ya mashine, nabonyeza nikiambiwa nibonyeze. Wanafunzi ni wa mwaka wa kwanza, wahandisi wa kesho, na hapa ndipo wanapoanza kujifunza jinsi kitu kigumu kinavyobeba mzigo, kinavyopinda, na kinavyokatika. Mwalimu wao ni mama mfupi mwenye sauti inayofika barabarani. Wanamwita Bi Kimetoka Wapi, kwa sababu kabla ya kuvuta kitu chochote lazima aulize, "Kimetoka wapi?"

Wao wanaitika, "Stoo!"

"Na stoo kilitoka wapi?"

"Kwa yule kaka!" Wananinyooshea vidole, wanacheka, mimi naangalia viatu vyangu. Kila wiki ni hivyo hivyo. Nimezoea, naona ni kama hodi yake tu.

Ijumaa walipokwenda kula mchana nikafunga mlango, nikakibana kipande chako. Mshale ukapanda. Ukafika mahali ukasita, ukarudi nyuma kidogo kama mtu aliyesahau kitu nyumbani, halafu ukaendelea. Mwalimu anasema hapo ndipo chuma kinapokubali kuchoka. Kikarefuka, nikakiona kwa macho. Katikati kikajibana kiuno, ndipo kikalia pa! Upande mmoja umebaki na shimo kama kikombe, wa pili una ncha butu. Hivyo ndivyo chuma kizuri kinavyokufa, kaka, kinaaga kwanza. Kibaya hakiagi.

Kwa hiyo nondo za jengo lenu ni nzuri. Fungeni tu.

Sasa salamu. Mama hajambo, magoti tu. Shemeji na mtoto waambie nawakumbuka. Na wewe kula, usiniambie umekula wakati umekunywa chai.

Mdogo wako


Jumatano, tarehe 13 Machi

Mdogo wangu,

Natumaini hujambo na bado unatembea ukiwa umeinamisha kichwa kama mtu aliyedondosha sindano. Sisi huku tuko salama, ukiacha vumbi.

Barua yako niliisoma kwa sauti nikiwa juu ya lundo la mchanga, gengi zima linasikiliza. Unajua tulikuwa tumegoma siku mbili? Nondo za rundo jipya tatu zilitukatikia kwenye meza ya kupindia, tena hatujazitesa. Mafundi wakasema hawafungi hata moja mpaka waambiwe na mtu anayejua. Nilipofika pale pa "fungeni tu", Kidevu wa gengi letu akaruka. "Kumbe mdogo wako profesa! Na sisi tunamjua kwa kukimbia wageni!" Mzee wa Koleo naye akasema mtu mwenye aibu hadanganyi, kwa sababu uongo unataka mdomo mwingi. Wakacheka, wakashika koleo zao, wakarudi kazini.

Tumefunga kibaraza cha ghorofa ya nne, kile kinachotokeza nje bila nguzo chini. Zege limemwagwa Jumamosi tarehe 9. Mirunda inayokishikilia kwa chini itaondolewa baada ya siku ishirini na nane, yaani tarehe 6 Aprili.

Msimamizi wa ujenzi amefurahi mno. Ameiomba barua yako aiweke ofisini. Tulikuwa tunamsema bure yule, ni mtu mwema. Hata kile kipande nilichokutumia alinipa kwa mkono wake. Mimi nilikuwa nimeshaweka msumeno kwenye rundo jipya, akaniambia acha, utajichosha, chukua hiki kimeshakatwa.

Nampa dereva barua hii leo, ingawa lori lake linakohoa. Ikichelewa usininunie.

Kaka yako


Jumanne, tarehe 2 Aprili

Kaka,

Salamu baadaye. Usipande kile kibaraza. Mtu yeyote asipande, na mirunda isitolewe.

Lori liliharibika njiani, barua yako nimeipata leo asubuhi. Niliisoma nikicheka peke yangu mpaka nikafika pale uliposema alikupa kwa mkono wake. Hapo nikamsikia mwalimu kichwani, wala hakuwepo. Kimetoka wapi? Kaka, nimelisikia swali hilo miaka miwili, mara zisizo na hesabu. Siku ya kipande chako sikuliuliza.

Mwalimu ana sheria yake, kila kinachokatika kinawekwa kwenye kopo na tarehe yake mpaka mitihani ipite. Nikavitoa vipande vyako viwili. Ile mistari iliyonyanyuka mwilini mwa nondo, kwenye hivi imelala upande mmoja yote. Nenda kwenye rundo jipya uangalie. Kama mistari yake ni tofauti, basi nilivuta nondo nyingine kabisa.

Nilikwenda kwa mwalimu. Ndiyo, mimi. Nilisimama mlangoni mpaka akasema, "Ingia au toka, unaniletea upepo." Nikaviweka mezani.

"Kimetoka wapi?"

"Kwa kaka."

"Na kaka alikitoa wapi?"

Nikampa barua yako. Aliisoma mara mbili, akavua miwani. Hakunifokea, bora angenifokea. Akapiga simu ofisi ya mkandarasi. Nikaomba uitwe wewe, aliyepokea akasema mafundi hawaitwi kwenye simu. Mwalimu akaichukua, akasema nondo hizo zina wasiwasi. Akajibiwa, "Mama, tuna barua kutoka chuoni kwenu kwamba zimepimwa na ni nzuri."

Barua yangu hiyo, kaka.

Amepiga pia kwenye ofisi inayosimamia majengo. Wamemwambia alete malalamiko kwa maandishi. Anaandika sasa hivi, na mimi naandika hii. Nampa dereva mwingine wa lori, ameapa itafika kesho kutwa.

Msipande.

Mdogo wako


Jumanne, tarehe 9 Aprili

Kaka,

Nakusalimu. Naomba unijibu hata kwa neno moja. Kama hutaki kuandika, chora mstari tu kwenye karatasi, nitajua ni mkono wako.

Mdogo wako


Jumamosi, tarehe 20 Aprili

Mdogo wangu,

Mimi mzima wa mwili. Salamu nyingine sina.

Barua yako ya tarehe 2 ilinifikia tarehe 11. Dereva alipitia kwao kwanza.

Mirunda ilitolewa tarehe 6 asubuhi. Kibaraza kikasimama. Kidevu akapanda akacheza, akanipigia kelele kutoka juu, "Mwambie profesa tumesimama!" Saa nne wakaanza kupanga matofali. Mimi nilikuwa chini nakata waya. Hakikulia wala kupasuka. Nilisikia upepo tu, kisha matofali. Kidevu na Mzee wa Koleo tuliwatoa saa nane, wote wameshakata roho.

Nilikwenda kuangalia nondo zilivyokatika. Bapa, kama chaki. Hakuna kiuno, hakuna kikombe. Na mistari yake imekatizana.

Sasa kuna kamati ya uchunguzi. Inakaa Alhamisi tarehe 25, saa kumi jioni, kwenye ofisi hapa hapa kazini. Msimamizi ameiweka barua yako mezani. Anasema mimi ndiye niliyejitia kupima, mimi ndiye niliyewapandisha watu, na kama kipande hakikuwa chenyewe basi nilikibadilisha mimi. Nilipotaja mkono wake akasema, "Una shahidi?" Hatukuwa na mtu wa tatu siku ile. Rundo jipya limeshahamishwa, na zilizovunjika wanazichukua kidogo kidogo. Nimekiokota kipande kimoja, nimekifukia ndani ya mchanga. Kamati ikimaliza napelekwa kituoni.

Mama yake Kidevu alikuja akanishika kola. Hakulia. Aliniuliza swali moja tu, "Nani alikwambia nondo ni nzima?"

Usije. Ukija watajua uliiwasha mashine bila ruhusa, na mama atabaki na watoto wawili wasio na kazi. Usiniandikie tena mpaka nikuandikie.

Kaka yako


Alhamisi, tarehe 25 Aprili

Kaka,

Umenikataza na naandika. Sijakuuliza hujambo kwa sababu najua.

Juzi mwalimu aliwapanga wanafunzi kama kawaida, lakini hakunipa chuma cha kubana. Alivitoa vipande vyako kwenye kopo, akaviweka mezani. Akauliza, "Kimetoka wapi?"

"Stoo!"

Nikasema, "Hapana."

Kaka, sijui sauti ile niliitoa wapi. Wote wakageuka. Mwalimu akavuta kiti akakaa kama mwanafunzi, akaniachia ubao. Nikawaeleza kuhusu rundo jipya, na mkono wa msimamizi, na barua yangu. Nilikuwa naviambia viatu vyangu, siyo wao, lakini nilimaliza. Nilimtaja Kidevu na nilimtaja Mzee wa Koleo. Hakuna aliyecheka. Mmoja wao, yule mwenye miwani anayejua kila kitu, akanyoosha mkono. "Kwa hiyo kipimo kilikosewa?"

Nikamwambia, "Kilikuwa sahihi kabisa. Ndiyo maana walipanda."

Alikuwa ameshika kalamu. Hakuandika, akaiweka chini.

Habari ikafika kwa mkuu wa idara kabla sijafuta ubao. Jana nimepewa barua, nirudishe funguo kwa sababu nilitumia mashine bila idhini. Kwa hiyo usinilindie kazi tena, haipo. Mama nimemwambia mwenyewe. Akauliza shati langu jeupe liko wapi, akalipiga pasi.

Leo tunakuja, mimi na mwalimu. Kopo ninalo kwenye magoti, na karatasi ya tarehe bado imebandikwa. Kile ulichofukia kwenye mchanga kifukue, tuviweke vyote mezani wavione mistari yake. Mwalimu anasema hilo halitoshi kumfunga yule mtu, pengine halitoshi hata kukutoa wewe. Hakunidanganya. Amesema tu kwamba kamati haijawahi kuviona pamoja.

Barua hii nitakupa mkononi, kwa sababu nikikuona sitaweza kusema haya. Kwenye kamati nitasema, huko nimeshajaribu.

Na mama yake Kidevu mjibu. Amekuuliza nani alikwambia, mwambie ni mdogo wako. Mwambie yuko njiani.

Mwalimu anapiga honi. Ni mwendo wa saa nne na kamati inaanza saa kumi. Lazima niondoke sasa hivi, maana wakianza bila mimi watauliza kimetoka wapi, na wataandika jina lako.

Mdogo wako