Kabula, Aliyeitwa Mama

Mjukuu wangu Neema,

Marahaba. Hapa Butimba tu wazima. Babu yako kikohozi kimemwacha, ila ubishi haujamwacha.

Umeniuliza kama kweli niliwahi kumchukia bibi yako Kabula. Nilimwonea wivu mpaka chakula hakipiti. Wazazi wake walipokufa kwa Ukimwi, mama yangu, shangazi yake, alimleta kwetu. Kabula alikuwa amerithi jina la bibi yetu aliyemzaa mama, kwa hiyo mama alimwita "mama" na kumwamkia shikamoo kila asubuhi. Mimi, mtoto wake wa kumzaa, nilitumwa maji.

Siku moja tukiosha vyombo ziwani nikamwambia, "Umeninyang'anya mama yangu."

Akaendelea kusugua sufuria. "Afadhali wewe," akasema. "Mimi naitwa mama tu. Hakuna tena wa kuniita mwanangu."

Nilimsimulia mama maneno hayo. Kesho yake akaita kutoka jikoni, "Mwanangu!" Nikakimbia.

"Si wewe. Namwita Kabula."

Neema, wivu ulinirudia. Lakini nilitoka hadi uani nikamwita mwenyewe: "Kabula, mama anakuita."

Bibi yako